Leni ya Kulia ni ya Kuazima: Mwongozo Kamili wa Kushika Leni na Kuovateki Thika Road

Simama juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Roysambu kwa dakika tano, utazame chini. Utaona gari dogo limekamata leni ya kulia kabisa, linakwenda kilomita 70 kwa saa. Nyuma yake kuna mkia wa magari sita, na matatu zinalipita kwa kushoto moja baada ya nyingine. Leni mbili za kushoto ziko wazi. Dereva yule hajioni ana kosa: leseni anayo, hana haraka, hajamgusa mtu. Lakini kila anayempita kushoto amelazimishwa na yeye.

Kosa hili halitokani na ukaidi. Wengi tulifundishwa kuendesha kwenye barabara ya leni moja kwenda na moja kurudi, ambako kupita gari ni jambo la mara mojamoja. Ukifika kwenye leni nne upande mmoja, sheria ni ileile ya kukaa kushoto na kupita kulia, ila sasa inafanya kazi kila dakika. Leni ya kulia unaiazima, unapita, unairudisha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa Thika Road, barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika, lakini hatua zake zinafaa barabara yoyote pana ambapo magari hukaa kushoto: Nairobi Expressway, Kimara hadi Kibaha kule Tanzania, au ile ya Kampala kwenda Entebbe.

## Vya kuandaa kabla ya kuwasha gari

Vioo vitatu. Hapa ndipo ajali nyingi za kubadilisha leni huanzia. Madereva wengi huweka vioo vya pembeni vionyeshe nusu ya ubavu wa gari lao wenyewe. Ubavu wako unaujua, huna haja ya kuutazama. Fanya hivi: egemeza kichwa kwenye dirisha lako la kulia, kisha sukuma kioo cha kulia nje mpaka ubavu wa gari ubaki uzi mwembamba tu. Kisha sogeza kichwa katikati ya gari, kati ya viti viwili vya mbele, na ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Ukikaa sawa hutauona ubavu wako kabisa, na mara ya kwanza utahisi kioo kimeharibika. Vumilia siku mbili.

Utajua umeviweka vizuri hivi: gari linalokupita litaanza kuonekana kwenye kioo cha pembeni kabla halijatoka kwenye kioo cha ndani, na utaliona kwa pembe ya jicho kabla halijatoka kwenye kioo cha pembeni. Likipotea hata sekunde moja katikati, rekebisha tena.

Indiketa na taa za breki. Simama usiku karibu na ukuta, uwashe moja moja na kutazama mwanga ukutani. Indiketa inayopepesa haraka kuliko kawaida mara nyingi ina balbu iliyoungua upande huo. Na kama umezoea gari la Ulaya kisha ukaazima Vitz, kumbuka kwamba gari la Kijapani lina mkono wa indiketa upande wa kulia wa usukani. Wengi wameingia leni ya pili wakipangusa kioo kikavu kwa waipa.

Tairi. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo huandikwa kati ya 30 na 35 psi. Tazama pia tarakimu nne ndani ya duara la ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye nyufa linaweza kuvumilia mtaani, lakini joto la mwendo wa 100 ni jambo lingine.

Pembetatu mbili za tahadhari na koti la kuakisi. Koti likae ndani ya gari, si chini ya mizigo kwenye buti.

Njia ya kutokea. Jua jina la unapotokea na la unapopita kabla yake. Kama unatoka Nairobi na unashuka Githurai, ujue Roysambu na Kasarani ziko kabla. Anayetafuta njia kwenye simu akiwa leni ya nne ndiye atakayekata leni tatu kwa mpigo.

## Hesabu leni kutoka kushoto

Leni ya 1 ndiyo ya kushoto kabisa. Ya mwisho inapakana na kizuizi cha katikati. Sehemu pana zaidi ya Thika Road ina leni nne kila upande, na hupungua ukielekea Juja na Thika. Kwa hiyo usikariri kwamba leni ya 4 ndiyo ya haraka. Kariri kwamba ya kulia kabisa ni ya kupita, ziwe mbili au nne.

Leni ya 1 ni ya malori, ya wanaoingia na wanaotoka, na ya yeyote anayekwenda taratibu. Leni ya 2 ndiyo nyumbani kwa gari dogo linalosafiri kwa mwendo wa kawaida. Leni ya 3 ni ya kupita wale wa leni ya 2, au ya kusafiria pale ya 1 na ya 2 zinapokuwa zimejaa kweli. Ya 4 ni ya kupita tu.

Matatu, mabasi na malori kisheria hayavuki kilomita 80 kwa saa nchini Kenya. Hesabu ni rahisi: penye kibao cha 100, gari la 80 halina kazi leni ya 4.

Barabara ya pembeni, ile watu huita sevisi leni, si leni ya 1. Ni barabara nyingine kabisa, yenye matuta, mikokoteni, bodaboda na watu wanaovuka. Usiichanganye hata kwa mawazo.

## Hatua ya 1: Kuingia barabara kuu

Ukitoka barabara ya pembeni unapewa kipande kifupi cha kuongezea mwendo. Kazi ya kipande hicho ni moja: kukufikisha kwenye mwendo wa leni ya 1 kabla hujaigusa.

1. Washa indiketa ya kulia mara unapoanza kupanda.
2. Tazama kioo cha kulia, kisha geuza shingo uchungulie juu ya bega. Tafuta nafasi kati ya magari mawili, si gari la kulikimbia.
3. Kanyaga mafuta. Kama leni ya 1 inakwenda 70, wewe fika 65 au 70.
4. Ingia kwa mstari mrefu, mlaini. Zima indiketa.
5. Kaa leni ya 1 kwa sekunde kumi hivi kabla ya kufikiria ya 2.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa. Dereva anaingia na moja kwa moja anakwenda hadi ya 4 kwa mwendo wa 50, akidhani amejiondolea usumbufu wa malori. Gari linalokuja ya 4 kwa 100 linamkaribia kwa karibu mita 14 kila sekunde.

Tahadhari: usisimame mwisho wa kipande cha kuingilia kama huna sababu ya kulazimika. Ukisimama, utalazimika kuingia ukianzia sifuri, na aliye nyuma yako anatazama bega lake la kulia, hakutazami wewe. Ukiona nafasi haipo, punguza mapema ukiwa bado mwanzoni mwa kipande, ili ubaki na urefu wa kukimbilia.

Umefaulu ikiwa gari ulilolitangulia halikuhitaji kugusa breki.

Na wewe ukiwa leni ya 1 ukaona mtu anaingia, hamia ya 2 mapema kama iko wazi. Kama haiko wazi, shika mwendo wako ulivyo ili aweze kukuhesabia. Usiongeze mwendo kumzibia.

## Hatua ya 2: Acha nafasi mbele

Chagua nguzo ya taa au kivuli cha daraja. Gari la mbele likiipita, anza kuhesabu taratibu: *mia na moja, mia na mbili*. Ukifika hapo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi *mia na nne*.

Kwa mwendo wa 100 gari linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Mguu wa dereva aliye macho huchukua sekunde moja au zaidi kuhama kutoka mafuta hadi breki, na baada ya hapo gari lenye tairi nzuri kwenye lami kavu bado linataka makumi ya mita kusimama. Ukijumlisha, huenda ukahitaji mita 80 hivi.

Malalamiko ya kila siku ni kwamba ukiacha nafasi, mtu anachomekea. Ni kweli, atachomekea. Mwache, toa mguu kwenye mafuta kidogo, jenga nafasi upya. Hata wakichomekea kumi kutoka Ruiru hadi Muthaiga, kila mmoja amekuchelewesha sekunde mbili.

## Hatua ya 3: Kuovateki

Hapa tutakaa kidogo, maana ndiko kunakovunjika zaidi.

### Kwanza amua kama inafaa

Tuseme uko leni ya 2, na mbele yako kuna trela la mita 17 linalokwenda 80. Uko nyuma yake mita 45. Gari lako lina mita nne na nusu, na unataka kurudi mbele yake ukiwa umemwachia mita 45 tena. Jumla ni mita 111 hivi za kumzidi.

Ukipita kwa 100, unamzidi kilomita 20 kwa saa, sawa na mita tano na nusu kwa sekunde. Utatumia sekunde 20 na kusafiri zaidi ya nusu kilomita. Ukipita kwa 90, utatumia sekunde 40 na kilomita nzima. Hii ndiyo siri ya ile misafara ya leni ya kulia: mtu wa 90 anampita mtu wa 88, na kwa dakika kadhaa barabara nzima imefungwa.

Kanuni ya kazi ni hii: kama huwezi kumzidi kwa kilomita 15 au 20 bila kuvuka kibao, na nyuma yako kuna wanaokuja kasi, subiri wapite kwanza. Kama njia yako ya kutokea iko chini ya kilomita mbili mbele, usiovateki kabisa.

### Kisha fuata mpangilio huu, bila kuruka

1. Anza ukiwa mbali. Usimkaribie hadi umpumulie mkiani ndipo utoke. Ukiwa umeganda nyuma ya trela, huoni lililoko mbele yake na dereva wake hakuoni kwenye vioo.
2. Kioo cha ndani, kioo cha kulia. Tazama mara mbili, kwa kuachanisha sekunde moja. Mtazamo mmoja unakuonyesha gari liko wapi. Wa pili unakuonyesha linakuja kwa kasi gani. Kumbuka kioo cha pembeni kilichobinuka huonyesha gari kama liko mbali kuliko lilivyo.
3. Tazama leni mbili, si moja. Unapotaka kuingia ya 3, angalia na ya 4. Aliye ya 4 huenda naye anarudi ya 3 wakati huohuo. Magari mawili yanayokutana kwenye leni ya katikati, kila moja likitoka upande wake, ni ajali ya barabara pana. Kwenye barabara ya leni mbili hukuwahi kuijua.
4. Indiketa, halafu ngoja. Mipepeso mitatu au minne kabla usukani haujasogea. Indiketa ni ombi. Anayewasha na kuhama papo hapo anatoa taarifa ya msiba uliokwisha kutokea.
5. Chungulia juu ya bega la kulia. Nusu sekunde. Unatafuta bodaboda, ambayo hufichika hata kwenye vioo vilivyowekwa vizuri.
6. Hama kwa mshazari mrefu. Usukani usogee kidogo tu. Abiria akiyumba, umekata kwa ukali.
7. Ongeza mwendo sasa, na usikae ubavuni. Mahali pabaya kuliko pote ni kando ya trela, kati ya tairi za nyuma na mlango wa dereva. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Upite moja kwa moja hadi uwe mbele.
8. Shika usukani kwa mikono miwili unapolipita lori refu. Upepo unaosukumwa na kichwa cha lori hupiga gari dogo. Ukifika usawa wa kichwa utasukumwa kulia, ukimaliza utavutwa kidogo kushoto. Ukijua, ni mtikisiko tu. Usipojua, unarudisha usukani kwa nguvu kupita kiasi.

Tahadhari ya kupita kushoto. Dereva wa lori ameketi kulia. Upande wake wa kushoto, karibu na kichwa, kuna eneo kubwa asiloliona kabisa, na ndiko atakakorudi akimaliza kupita. Ukimpita kushoto unaingia mahali ambapo anaamini hakuna mtu. Kupita kushoto kunakubalika pale magari yote yanapokwenda kwa foleni taratibu na leni yako ikasogea haraka kuliko ya kulia. Si pale unapohama kwenda kushoto ili kumkwepa mzembe wa leni ya 4.

Basi mzembe huyo umfanyeje? Kaa nyuma yake kwa sekunde zako mbili, washa indiketa ya kulia akuone unataka kupita, piga taa kubwa mara moja fupi. Akikataa, baki hapo. Inaudhi, na hakuna dawa nyingine iliyo salama.

## Hatua ya 4: Kurudisha leni

Utarudi lini? Ukiona gari ulilolipita lote kwenye kioo cha ndani, taa zake mbili za mbele na lami kidogo chini yake. Kioo cha pembeni kisikuamulie, kwa sababu kitakuambia umeshafika wakati bado.

Indiketa ya kushoto, kioo cha kushoto, bega la kushoto, rudi. Usipunguze mwendo mara unapoingia. Kumrukia mtu mbele halafu ukaachia mafuta kunamlazimisha afunge breki, na lori lililopakia halifungi breki kama Probox.

Swali linaloulizwa sana: nikiona gari jingine la kupita mbele, nirudi au niendelee? Kama utalifikia ndani ya sekunde 15 hivi, endelea. Kama ni zaidi ya hapo, rudi. Kupepesuka kushoto na kulia kila baada ya sekunde tano ni hatari kuliko kukaa leni ya 3 kidogo.

Umefaulu ikiwa uliyempita hakubadilisha mwendo wake kwa sababu yako.

## Hatua ya 5: Kupitwa

Kupitwa nako kuna adabu yake. Mtu akianza kukupita, shika mwendo ulionao. Kuna ugonjwa wa kuongeza mafuta pale tu mtu anapofika ubavuni. Wengi hufanya bila kujua, kwa kuwa gari la pembeni huwazindua. Matokeo yake magari mawili yanakwenda sambamba, na aliye kulia ameganda.

Kama ni wewe uko kulia na mtu amekuganda mkiani akiwasha taa, usiguse breki kumtisha. Maliza kupita kwa mwendo wako halali, rudi kushoto, mwache aende. Ikiwa anavunja sheria ya mwendo, hilo ni lake na trafiki. Wewe si tuta.

Ambulensi ikilia, hamia kushoto mapema kwa indiketa. Na ikishapita, usijibandike nyuma yake kama wafanyavyo wengine. Walioipisha wanarudi kwenye leni zao bila kukutegemea.

## Hatua ya 6: Kutoka

Thika Road ina tabia moja inayowaponza wageni: hutoki pale unapoona daraja la makutano. Unatoka mapema, unaingia barabara ya pembeni, ndipo hiyo ikufikishe kwenye makutano. Ukisubiri kuiona Githurai kwa macho, umeshaipita.

1. Kilomita mbili kabla, acha kuovateki.
2. Shuka leni moja moja: ya 3 hadi ya 2, tulia, zima indiketa, kisha ya 2 hadi ya 1. Ipe kila leni mita 500 au zaidi. Indiketa moja ndefu ya kukata leni tatu haimwambii mtu yeyote unataka kuishia wapi.
3. Ukiwa leni ya 1, washa indiketa ya kushoto mapema. Angalia kioo cha kushoto: bodaboda na matatu zinazokwenda kituoni hupenda kujipenyeza hapo.
4. Usifunge breki ukiwa bado barabara kuu. Toka na mwendo wako, punguza ukiwa ndani ya njia ya kutokea.
5. Tazama kipima mwendo, usiamini macho. Baada ya nusu saa kwa 100, mwendo wa 60 unahisi kama unatembea kwa miguu. Na mbele yako kuna tuta, mama na mtoto, na mkokoteni wa maji.

Ukikosa njia ya kutokea, umeikosa. Nenda hadi inayofuata ugeuke. Kurudi kinyumenyume kwenye barabara kuu, hata mita ishirini, hufanywa na watu waliookoa dakika kumi mara nyingi, mpaka siku moja.

Matatu husimama kwenye maingilio na matokeo, hata pasipo na kituo. Ukiona kundi la watu pembeni na matatu mbele yako leni ya 1, chukulia itasimama, iwe imewasha indiketa au haikuwasha.

## Taa zinasema nini, na zinadanganya wapi

Kwenye barabara nyembamba, mathalani ya Nakuru au ya Mombasa, dereva wa lori akiwasha kushoto anakuambia pita, na akiwasha kulia anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Ni lugha ya wema na imeokoa wengi. Usiilete hapa. Kwenye barabara pana, lori likiwasha kulia linahama kulia. Likiwasha kushoto linarudi au linatoka.

Kupiga taa kubwa maana yake ni *nipo hapa*. Mwingine anaitumia kusema pita, mwingine anasema usithubutu. Usihame kwa sababu tu umepigiwa taa. Hama kwa sababu umeona nafasi.

Taa nne za hazadi zina matumizi mawili: gari limekwama, au umekuta foleni iliyosimama ghafla na unawaonya wa nyuma kwa sekunde chache. Kuendesha ukiwa umeziwasha kwenye mvua kunaua indiketa zako, na hakuna atakayejua unahama. Mvua kubwa ni kazi ya taa za kawaida na mwendo mdogo.

## Usiku, mvua, na matawi barabarani

Ukiona matawi mabichi yametupwa kwenye leni, punguza papo hapo na ujiandae kuhama. Mbele kuna lori lililokwama, pengine halina taa hata moja. Umbali kati ya tawi la kwanza na lori haujulikani: aliyeyaweka alitembea kadiri alivyoweza.

Usiku chagua leni ya 2 au ya 3 kuliko ya 1, kwa sababu ya magari yaliyokwama na watu wanaovuka wakiacha daraja. Wanaovuka huruka kizuizi cha katikati pia, kwa hiyo ya 4 nayo si salama kama inavyoonekana ikiwa tupu.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi. Mafuta na vumbi la miezi huelea juu ya lami. Usukani ukihisi mwepesi ghafla, tairi limepanda juu ya maji: toa mguu kwenye mafuta taratibu, usifunge breki, usikate usukani, ngoja lishike.

## Gari likikwama

Tumia mwendo uliobaki kusogea hadi bega la barabara, upande wa kushoto. Hazadi, koti, kisha teremkeni nyote kwa milango ya kushoto. Weka pembetatu ya kwanza hatua 50 nyuma na ya pili hatua 100, ukitembea kando ya kizuizi cha pembeni, upande wa kushoto, ukiyatazama magari yanayokuja. Abiria wakae ng'ambo ya kizuizi hicho cha pembeni, si ndani ya gari. Ikiwa limekufa leni ya 3 au ya 4 na huwezi kulisogeza, usijaribu kuweka pembetatu katikati ya magari; washa hazadi, na mtoke tu pale mnapoona pengo la kweli.

## Ukivuka mpaka

Tanzania na Uganda ni kama Kenya. Rwanda, Burundi, Kongo na Oman magari hukaa kulia, kwa hiyo geuza kila kitu: leni ya kupita ni ya kushoto kabisa. Ukiwa na gari lenye usukani wa kulia huko Burundi, pembe usiyoiona inahamia kushoto, upande ule ule unaotokea kuovateki. Vioo viwekwe upya kabla ya kuondoka mpakani.

## Zoezi la Jumapili

Chagua Jumapili saa moja asubuhi, kutoka Muthaiga hadi Juja na kurudi. Kwenda, usiovateki hata mara moja: kaa leni ya 2, hesabu sekunde mbili, tazama vioo kila unapopita daraja la waenda kwa miguu. Kurudi, piga ovateki tano tu, na kila moja itamke kwa sauti: *kioo, kioo, leni mbili, indiketa, bega, hama*. Keti na mtu kiti cha mbele akuhesabie mipepeso ya indiketa kabla usukani haujasogea. Akihesabu miwili, ovateki hiyo haihesabiki; rudia nyingine.